Saa Zinapopishana: Risiti Yako na Kompyuta za Ofisi

(Nakala ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri na wananchi wa Chole)



Naanza na kisa. Mvuvi mmoja alifika katika ofisi moja ya huduma, ambayo sitaitaja, akalipa ada ya leseni saa 2:20 asubuhi. Akahamia meza ya pili, akakabidhiwa leseni saa 2:40. Kompyuta ya malipo iliandika 14:20. Ya leseni iliandika 08:40. Kwa mujibu wa kumbukumbu, basi, leseni ilitoka saa 5 na dakika 40 kabla ya fedha kupokelewa. Mkaguzi alipozikuta karatasi hizo alikuwa na haki ya kuuliza. Mvuvi, asiye na kosa lolote, akaitwa athibitishe kwamba leseni yake si ya kughushi, na siku tatu zikampita bila kwenda baharini.

Fundi aliyeitwa hakukimbilia kufungua kompyuta. Alitazama kwanza zimepishana kwa kiasi gani, kwani tofauti yenyewe husema ugonjwa. Saa 3 kamili: kompyuta imeachwa kwenye majira ya Greenwich, nasi tuko mbele yake kwa saa 3. Saa 12: aliyeirekebisha amechanganya asubuhi na jioni. Ikirudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, ile betri ndogo ya duara iliyo ndani imekufa. Na kompyuta ya namna hiyo hukataa hata kufungua tovuti salama, maana vyeti vya tovuti hizo huonekana havijaanza kutumika. Tofauti ya sekunde chache inayokua siku hadi siku ni saa iliyoachwa peke yake bila kuulizia wakati.

Hapa tofauti ilikuwa saa 6 kamili. Hiyo ni yetu wenyewe, Waswahili. Mtu aliitazama saa ya ukutani ya ofisi, iliyofuata hesabu yetu, akaona saa mbili, akaandika 2, na kompyuta ikaielewa kuwa saa nane mchana. Simlaumu sana, mimi pia nimewahi kukosea miadi kwa njia hiyo hiyo.

Lakini kwa nini mtu aliirekebisha kwa mkono? Kompyuta zilizounganishwa hupaswa kuuliziana saa zenyewe, kwa utaratibu uitwao NTP, uliobuniwa na Mmarekani David Mills na kuchapishwa mwaka 1985. Niueleze kwa mfano wa hapa. Tuseme kijana anatumwa kwa mashua kutoka Chole kwenda Utende kutazama saa iliyo sahihi. Anaandika alichokiona, anarudi. Ninyi mnajua amekaa dakika 60 safarini, kwa hiyo mnaongeza nusu yake, dakika 30, juu ya saa aliyoiandika. Hesabu ni nzuri iwapo kwenda na kurudi ni sawa. Lakini nanyi mnaujua mkondo wa hapa: akienda nao kwa dakika 20 na kurudi akishindana nao kwa dakika 40, saa yenu itachelewa dakika 10, na hakuna atakayegundua. Mtandao nao una mikondo yake. Ndiyo maana NTP huuliza mara nyingi, na kuliamini zaidi jibu lililokwenda na kurudi kwa muda mfupi kuliko mengine.

Katika ofisi ile, kijana hakuvuka kabisa. Ujumbe wa saa hupitia mlango namba 123 wa mtandao, na kinga ya mtandao ilikuwa imeufunga. Saa ikaanza kupotea kidogo kidogo, mtumishi akawa anairekebisha kwa mkono kila mara, na kila alipoirekebisha aliuficha ugonjwa. Fundi aliufungua mlango, akaelekeza kompyuta zote mbili kuuliza chanzo kimoja, akazilinganisha tena siku iliyofuata kabla ya kuondoka. Kwa maoni yangu, ulinganisho huo wa pili ndio ulioistahili posho yake.

Kumbukumbu za zamani hazikufutwa wala kuandikwa upya. Ziliambatishwa maelezo ya maandishi kwamba mashine ile ilikuwa mbele kwa saa 6 katika siku zilizotajwa. Kumbukumbu iliyorekebishwa kimyakimya ingemtia mvuvi yule matatani zaidi.

Mzee mmoja hapa ameniuliza sasa hivi kama simu yake inatosha kuwa shahidi. Inatosha kwa kulinganisha, mzee wangu, mradi imewekwa kupokea saa ya mtandao wa simu yenyewe. Basi, mkipokea risiti, itazameni saa na tarehe mkiwa bado dirishani. Zikipishana na simu, ombeni risiti iandikwe maelezo na kusainiwa siku hiyo hiyo, nanyi mbaki na nakala.