Kinga ya kazi ni ile inayotengenezeka njiani

(Maneno ya fundi wetu mbele ya wanachama wanaoomba mkopo wa kununua kinga, Kalemie)



Komite imeniomba niseme kidogo juu ya kinga, kwa sababu wengi wenu mnataka kukopa ku sanduku ili mnunue ya kuendea kazi. Kule Tanzania tulizoea kusema baiskeli, hapa kwetu ni kinga. Jina lolote, shida ni ile ile: nyumba iko Katanika, kazi iko mjini, na pesa ya motari asubuhi na jioni inamaliza mshahara.

Nianze na kosa langu. Ufundi nilijifunza kule Lugufu, mbele kambi haijafungwa mwaka 2009. Lakini niliporudi, miye fundi mzima nilidanganywa na macho. Nilinunua kinga ya vitesi, yenye springi mbele, rangi inameta. Mwezi wa tatu gia ya nyuma ikapinda. Nilizunguka soko lote, sikupata inayofanana. Nikafupisha cheni, ikabaki vitesi moja. Basi nililipia vitesi kumi na nane, nikaendesha moja, na deni lilikuwa bado miezi saba!

Kwa hiyo, neno la kwanza: usianze dukani. Anza kwa mafundi wanaokaa njiani, kati ya nyumba yako na kazi. Waulize wako na tairi gani, spoku gani, breki gani. Ile kinga nyeusi ya zamani, Phoenix ya China ama Hero ya India, ya gurudumu la inchi 28 na breki za vyuma, karibu kila fundi anaijua. Ni nzito, sikatai. Kwenye mlima utashuka usukume. Lakini ikivunjika saa kumi na mbili asubuhi, saa moja uko kazini.

La pili: angalia mzigo wa jioni. Asubuhi unaenda peke yako, jioni unarudi na unga, makala, pengine na mtoto. Keria iwe ya chuma kizito, imefungwa kwa bolti chini karibu na ekseli, siyo ile inayoning'inia kwenye bomba la kiti.

La tatu: ikutoshe. Simama juu yake, miguu yote miwili iguse chini. Ukikaa, kisigino kwenye pedeli ya chini, mguu unyooke. Kiti kikiwa chini sana, magoti yatakuuma kabla ya mwezi kwisha. Wamama, ile isiyo na chuma cha juu inafaa na kitenge, msione haya kuiomba.

Kama unanunua iliyotumika, igeuze kichwa chini. Zungusha gurudumu, tazama kama linayumba. Shika mkono wa pedeli, vuta kulia na kushoto: ukicheza, gololi zimekwisha. Kisha angalia maungio ya fremu. Rangi mpya mahali pamoja tu, mara nyingi inaficha ufa.

Na karatasi! Sisi tuliorudi tunajua uchungu wa kuambiwa "onyesha karatasi" na mkono ni mtupu. Mwenzetu mmoja alinunua kinga rahisi, bila kuandikiana. Mwenyewe akatokea, akaichukua. Mwenzetu anatembea kwa mguu na sanduku bado linamdai. Andikeni jina la muuzaji, tarehe, bei, na ile namba iliyogongwa kwenye fremu. Washahidi wawili watie sahihi. Hata kwa shefu wa avenue unaweza kwenda.

Mwisho, msimalize mkopo wote ku kinga. Bakisheni ya tyubu, pampu, gundi na kufuli. Kinga isiyo na pampu italala nyumbani siku ya kwanza ya msumari, na siku ya kukosa kazi ni siku ya kukosa malipo ya sanduku. Ile pesa siyo ya komite. Ni ya yule mama anayengoja zamu yake nyuma yako.

Mkishaona kinga mnayoitaka, msitoe pesa kwanza. Niiteni, nije niiangalie. Kwa mwanachama ni bure.