ANACHAPWA KWA KOSA GANI?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana wa tawi, Dar es Salaam. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)



Najua mlitegemea leo nizungumzie katiba mpya na tume huru ya uchaguzi. Hayo tumeyasema mpaka sauti zimekauka, na tutaendelea kuyasema. Leo nina swali kwako wewe unayeuza viatu Kariakoo, wewe konda wa daladala, wewe unayesubiri abiria juu ya bodaboda pale Buguruni. Mdogo wako, au mtoto wa dada yako, au mwanao wa kumzaa, yule aliyefika darasa la nne na akipewa kitabu anatoka jasho: kosa lake nini?

Maana anachapwa! Anachapwa shuleni kwa kushindwa kusoma, akirudi nyumbani anachapwa kwa kuwa kachapwa shuleni. Mtaani anaitwa kilaza. Neno hilo mwaka 2016 lilitoka hata kinywani mwa Rais, akiwasema vijana wa stashahada maalumu ya ualimu walioondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kama mkubwa wa nchi alilitamka hadharani, mwalimu mwenye watoto 120 chumba kimoja atakosa kulitamka?

Sasa mtazame huyo mtoto vizuri. Mtume dukani na noti ya elfu kumi, atarudi na chenji kamili na habari za mtaa mzima. Muulize kikosi cha Simba au Yanga, atakupa na wachezaji wa akiba. Mpe redio mbovu, ataifungua na kuifunga na pengine itaimba. Halafu mpe kitabu cha darasa la pili. Penye "baba" anasoma "dada". Mstari anauruka. Neno alilolisoma juu, akilikuta chini halijui tena. Anaanza kubahatisha kwa kutazama picha. Ni mtoto yule yule, mchana ule ule. Huo ujinga gani unaokuja kitabu kikifunguliwa na kuondoka kikifungwa?

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi hiyo habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana mwerevu, mwepesi wa michezo, hesabu anaweza, lakini kusoma kumemshinda na walimu wamehangaika naye miaka. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo tu, Percy angekuwa mbele ya wenzake wote pale shuleni. Hali hiyo wataalamu wanaiita disleksia. Ubongo una akili zake timamu, ila unapata tabu kukata neno katika sauti zake na kuzifunga sauti hizo kwenye herufi. Kazi ambayo mwenzake anaifanya bila kufikiri, yeye anaifanya kama mtu anayebeba gunia la mkaa kupanda ghorofa ya nne. Anafika, lakini amechelewa na amechoka.

Wengi wa wataalamu hukadiria kuwa watoto kati ya 5 na 10 katika kila 100 wanayo kwa kiasi fulani. Hesabu mwenyewe kwenye darasa la mtoto wako. Tena hali hii hutembea katika ukoo. Ukimwona mtoto wa namna hiyo, waulize wazee, mara nyingi utaambiwa na mjomba alikuwa hivyo hivyo. Na pengine, ndugu yangu, mjomba mwenyewe ni wewe uliyekaa hapa, uliyeacha shule darasa la sita ukasema shule haikupendi.

Mnamjua Muhammad Ali? Wazee wetu walikesha na redio mwaka 1974 alipompiga Foreman kule Kinshasa. Mwanaume huyo alikuwa na disleksia. Alimaliza sekondari Louisville mwaka 1960 akiwa wa 376 kati ya 391. Mwaka 1964 jeshi la Marekani lilimpa mtihani wa kuandika, akafeli, wakasema hafai kuwa askari. Miaka miwili baadaye vita ya Vietnam ikawa inakula vijana, wakubwa wakashusha alama za kufaulu, na yule yule waliyemwona hafai sasa akafaa! Kijana hajabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni haja ya wakubwa. Mwaka 1967 akakataa kwenda, wakamnyang'anya ubingwa. (Februari 1980 Ali alitua hapa hapa Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere alikataa hata kuonana naye. Lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Turudi kwetu, maana hapa kuna jambo ambalo halisemwi. Kiswahili chetu kina huruma. Kinasomwa kama kilivyoandikwa: ba ni ba leo, ni ba kesho, ni ba mpaka Kigoma. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia, akihangaika, anaweza kujikokota kwa Kiswahili. Atasoma polepole, ataandika vibaya, lakini atajificha humo humo mpaka darasa la saba. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Eraldo Paulesu waliwapima wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Uingereza na Ufaransa. Waitaliano, ambao lugha yao nayo huandikwa karibu kama inavyotamkwa, walisoma vizuri kuliko wenzao. Ila ubongo ulipopigwa picha, upande ule ule wa kushoto ulikuwa unafanya kazi kidogo kwa wote. Shida moja, lugha moja inaificha, nyingine inaianika. Na msisahau hao walikuwa watu wa chuo kikuu, si vilaza!

Sasa mpeleke mtoto wetu kidato cha kwanza katika shule ya serikali. Usiku mmoja tu, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Lugha yenye neno "knife" ambalo k yake imekaa pale kama mjumbe wa nyumba kumi asiye na kazi. Yule aliyekuwa anajikokota anaanguka chali. Watu wanasema kabadilika, kaingia makundi, anavuta bangi. Pengine anavuta kweli sasa. Lakini alianza kuanguka kabla ya bangi.

Serikali nayo inajua. Mwaka 2012 ilibainika kuwa maelfu ya wanafunzi waliofaulu na kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Watu wa Uwezo, wanaopita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto, tangu mwaka 2010 wamekuwa wakituambia kuwa watoto wengi wa darasa la tatu hawaiwezi hadithi ya darasa la pili. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapangwa upya, mkazo ukawa KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Hilo lilikuwa jema, nalisema ingawa mimi ni mpinzani. Mwaka 2016 ada ikafutwa, watoto wakafurika, madarasa na walimu vikabaki nyuma.

Kwa hiyo sitaki mtu atoke hapa akasema kila asiyejua kusoma ana disleksia. Hapana! Wengi hawajui kwa sababu hawajafundishwa. Mwingine haoni ubao, mwingine hasikii vizuri kwa masikio yaliyotoka usaha tangu utotoni, mwingine ana njaa. Mpeleke kwanza akapimwe macho na masikio. Na anayesema "kurara" badala ya "kulala" hana ugonjwa wowote, hiyo ni lugha ya kwao.

Lakini yupo yule aliyefundishwa kama wenzake, anaona, anasikia, amekula, na bado herufi zinamkimbia. Mwambie kwa mdomo, bila kitabu: "Sema kalamu. Sasa toa ka. Kumebaki nini?" Mtoto wa miaka minane akishindwa mara kwa mara kupata "lamu", shtuka. Kugeuza b na d peke yake si hoja, watoto wadogo wengi hugeuza. Hoja ni sauti kumponyoka, na kusoma kubaki kuzito mwaka baada ya mwaka huku kichwa chake kwa mengine kiko vizuri. Wapo pia ambao herufi si tatizo ila tarakimu ndizo zinawachanganya, na wapo wasioweza kutulia kitini hata dakika tano. Hao nao si watundu wa kukusudia.

Sasa fimbo. Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana wengi wenu mnaiamini fimbo kama dini. Kanuni za nchi hii zinasema adhabu ya viboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, inatolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na inaandikwa kitabuni. Kutojua kusoma ni kosa kubwa la nidhamu? Tangu lini? Mimi ningependa fimbo iondoke shuleni kabisa, lakini hata wewe usiyekubaliana nami dai angalau sheria yao wenyewe ifuatwe. Mtoto mwenye disleksia ukimchapa, kitu kimoja tu anajifunza upesi: kutoroka.

Wenye fedha hawana shida hii. Shule za ada ya mamilioni zina mwalimu wa kukaa na mtoto kama huyu mmoja mmoja, na mtoto wa kigogo akipata tabu anapelekwa kwa mtaalamu, anapimwa, anarudi na cheti. Mtoto wa mlalahoi anarudi na alama za fimbo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu iko tangu mwaka 2010. Chuo cha Patandi kule Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Baraza la Mitihani linawapa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada. Vizuri sana. Lakini mwenye uoni hafifu anaonekana. Huyu wetu nani amemtambua, hata aongezewe muda? Walimu wangapi wa darasa la kwanza Mbagala au Tandale wamefundishwa kumjua? Madai yetu kama chama yawe haya: kila mwalimu wa darasa la kwanza na la pili afundishwe dalili hizi chuoni, mtoto apimwe darasa la pili na si kungojwa aanguke kidato cha kwanza, na atakayethibitika aongezewe muda wa mtihani au asomewe maswali.

Hayo yatachukua muda, na mtoto wako ana miaka tisa leo. Kwa hiyo anza nyumbani. Huhitaji kuwa na shahada. Dakika ishirini kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili zenye matusi. Kata maboksi, andika silabi, ba be bi bo bu, aziguse, azipange, atengeneze neno, aliseme kwa sauti huku akiliandika kwa kidole mchangani. Mkono, mdomo, macho na masikio vifanye kazi pamoja. Ndiyo njia ambayo Samuel Orton na Anna Gillingham waliianzisha Marekani karibu miaka mia iliyopita, na walimu bado wanaitumia. Silabi moja ishike ndipo uende nyingine. Kitabu msome wote wawili, wewe mstari, yeye mstari. Akikosea usicheke, na waliopo wasicheke. Kama ni wa sayansi au historia, msomee wewe, akueleze kwa mdomo. Elimu isisimame eti kwa sababu herufi zimesimama. Na kile anachokiweza, iwe mpira, kuchora au kuchezea nyaya, kisimamie. Usimnyime kama adhabu.

Wewe ambaye kusoma kwako nako ni kwa tabu, usione haya kukaa naye. Mtajifunza wote.

La mwisho ni kikao cha wazazi. Wanaume hatuendi! Tunawaachia mama zetu na wake zetu, halafu tunalalamika kijiweni. Kamati ya shule ina wazazi ndani yake, gombea. Kabla ya hapo nenda kwa mwalimu wa darasa kwa adabu, maana naye ni mlalahoi mwenzako mwenye mshahara wa kuhesabu. Mwombe mambo matatu madogo: mtoto akae mbele, asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake bila kujiandaa, na apewe nafasi ya kujibu kwa mdomo. Mwalimu akikubali, mshukuru. Akikataa, mwalimu mkuu yupo. Akikataa naye, ofisi ya elimu ya halmashauri ina afisa wa elimu maalumu, analipwa kwa kodi yako, na mlango wake unafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Mkienda, nendeni watano.