Kata klipu, usikate maneno ya mtu

Hii ni mada niliyoitoa Jumamosi kwenye semina ya vijana wetu wanaorekodi mikutano. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.



Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana kwenye mkutano wa kata yetu, mama mmoja muuza samaki alipewa maiki. Akasema: "Mimi hapa sihami. Wakinionyesha sehemu yenye maji na choo, hata kesho nahama." Mimi nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani, nikakata pale kwenye "sihami", nikarusha. Klipu ikatembea kweli kweli. Watu wakamtukana yule mama, eti mkaidi, hataki usafi. Usiku akanipigia: "Mwanangu, umenikata ulimi."

Nikaifuta. Lakini klipu ikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, hairudi.

Kilichoniponza ni haraka, jamani. Leo nawaonyesha namna ya kukata chapchap, ili muda unaobaki uutumie kukagua.

Kwanza, usiingize mkutano wa saa mbili wote kwenye CapCut. Simu itaganda. Sikiliza, andika pembeni: dakika ya 14 na sekunde 20 hadi dakika ya 15 na sekunde 5. Kisha kwenye galari ya simu punguza kwa makadirio, ukiacha nafasi mbele na nyuma, na uhifadhi kama nakala mpya. Video mama isiguswe.

Pili, sasa fungua nakala hiyo kwenye CapCut. Wengi wetu tunashika ukingo wa kipande na kuuburuta, kidole kinatoka jasho. Acha. Tanua kwa vidole viwili mpaka uone vizuri. Sogeza video mpaka ule mstari wima ukae pale sentensi inapoanzia, gusa kipande, bonyeza Split, futa cha kushoto. Nenda mwisho wa sentensi, Split tena, futa cha kulia. Mikato miwili, kazi imeisha. Kwenye kompyuta, Ctrl na B ndiyo inayokata.

Tatu, acha pumzi. Bakiza kama nusu sekunde kabla ya neno la kwanza na baada ya la mwisho. Kiswahili chetu kinabeba ukanushi mwanzoni mwa neno. Mtu kasema "hatukubali". Ukichelewa kidogo tu ukala ile "ha", umemfanya aseme "tukubali". Silabi moja, msimamo umegeuka! Vaa earphone usikilize. Usikate kwa kuangalia midomo.

Nne, kabla hujafuta cha kulia, cheza sekunde kumi zinazofuata. Ukisikia "lakini", "ila", "kama" au "wakinionyesha", sentensi haijaisha. Endelea mpaka iishe. Klipu ikiwa ndefu, tafuta sentensi nyingine. Usiifupishe hiyo kwa nguvu.

Tano, bando. Video ya megabiti 8 kwa sekunde inakula MB 1 kila sekunde, yaani dakika moja ni MB 60. Mtu wa kijijini hafungui hiyo. Kwa mtu anayeongea tu, hifadhi kwa 720p, inatosha. Na kile kipande cha nembo ambacho programu inakibandika mwishoni, kifute. Ukimtumia mwenzako video ya kuhariri, itume kama dokumenti, maana WhatsApp huibana video ya kawaida na ubora unashuka.

La mwisho: tunza video nzima. Ukiambiwa umepotosha, hiyo ndiyo shahidi wako. Sisi tunalalamika kila siku kwamba maneno ya wasemaji wetu yanakatwa vipande. Tutalalamika kwa mdomo gani kama na sisi tunamkatia muuza samaki?

Nilirudi sokoni kwa yule mama na klipu nzima. Sekunde 11 tu! Akaisikiliza mara mbili, akanirudishia simu: "Sasa huyu ndiye mimi." Wiki ile niliirusha, haikutembea hata robo ya ile ya kwanza. Ndiyo hasara niliyomtia, na bado naibeba.

Haya, toeni simu. Tunakata kwa vitendo sasa, na kila mmoja atasikiliza ya jirani yake kabla ya kuhifadhi.