Somo Ambalo Hatukulichagua

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni jioni ya tarehe 16 Desemba)

Jioni hii tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda litawashangaza baadhi yenu. Sisi ni Waprotestanti, na wengi wenu ni Waprotestanti, lakini jambo lenyewe ni la jirani zetu Wakatoliki. Ni masomo ya Biblia wanayoyasoma na kuyatafakari kila siku katika majuma ya Majilio, hata kufika Krismasi na siku zinazoifuata. Msizime redio. Tuvumilieni kidogo.

Sisi tunatoka Tulia, pande za Kitui. Mtu wa Mombasa akisikia jina hilo hudhani tunamwamuru anyamaze! Lakini Desemba si mwezi wa kutulia kwetu. Mvua za vuli, ambazo Wakamba huziita nthwa, ndizo zinazotulisha. Zile za Machi mara nyingi hutuvunja moyo. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya Majilio hutukuta shambani. Kama mvua imekuja, mahindi yamefika magotini, kunde zinatambaa, na nyumba nzima imeshika majembe kupalilia. Kama haikuja, watu husimama uani wakitazama mbingu, wala hakuna anayehitaji kuhubiriwa maana ya kungoja.

Jirani yetu mmoja ni mama mzee Mkatoliki. Kila asubuhi kabla ya kushika jembe, yeye husoma somo la siku. Zamani alikuwa na kijitabu. Siku hizi mjukuu wake humsomea kutoka kwenye simu, pamoja na tafakari fupi. Siku moja tulimwuliza, “Mama, kwa nini usifungue Biblia mahali unapopenda, kama tufanyavyo sisi?” Akacheka. Akasema, “Mchungaji, mimi nikichagua, nitasoma Zaburi ya 23 kila siku mpaka nife.”

Tulicheka naye, lakini njiani neno lile lilitusumbua. Maana ni kweli tupu. Sisi tunaojivunia Biblia iliyo wazi, tuna kurasa zetu chache zilizochakaa kwa vidole, na kurasa nyingi ambazo bado ni nyeupe kama zilivyotoka dukani.

Mpango wa masomo haya si wa zamani sana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipokwisha mwaka 1965, Kanisa Katoliki lilipanga masomo yake upya. Orodha mpya ilitolewa mwaka 1969, ikaruhusiwa kuanza Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka ule ule, tarehe 30 Novemba. Jumapili zina mzunguko wa miaka mitatu, lakini siku za kati ya juma katika Majilio hazibadiliki: somo la mwaka jana ndilo la mwaka huu. Makanisa mengi ya Kiprotestanti ulimwenguni yaliuona mpango huo kuwa mwema, na kutoka humo ikatengenezwa orodha ya pamoja ya masomo ya Jumapili, iliyotolewa mwaka 1992. Basi yule anayesema, “Hayo ni mambo ya Roma,” pengine ameyasikia kanisani kwake mwenyewe bila kujua.

Tena Majilio hayakuletwa Kitui na Wakatoliki kwanza. Johann Ludwig Krapf alikuwa Mlutheri wa Ujerumani, akitumwa na chama cha misheni cha Waanglikana. Tarehe 3 Desemba 1849 alikuwa hapa Kitui, na siku hiyo aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Hesabuni wenyewe: ilikuwa Jumatatu, siku ya pili ya Majilio. Kanisa lililomlea liliyashika majuma haya. Wamisionari wa Africa Inland, walioanza kazi Nzaui katika Makueni mwaka 1895, hawakutilia mkazo kalenda kama hiyo, nasi tulio watoto wao tulikua bila kuijua. Hatuwalaumu. Walitupa Neno lenyewe.

Sasa sikilizeni masomo yenyewe. Majuma ya kwanza ya Majilio yamejaa nabii Isaya, na Isaya amejaa maji. Jumamosi ya juma la kwanza anasema habari za mvua kwa ajili ya mbegu ambayo mkulima ameipanda, na malisho mapana kwa ng’ombe. Jumatatu inayofuata jangwa linachanua. Alhamisi maskini wanatafuta maji, ulimi umekauka, na Mungu anafungua mito juu ya vilima vitupu. Juma la tatu mbingu zenyewe zinaombwa zidondoshe haki kama mvua. Waliopanga masomo haya hawakuwa wakifikiria palizi ya Tulia. Mtu wa London huyasoma akitetemeka kwa baridi, na mvua imemchosha. Lakini huku kwetu mama huyasoma alfajiri kisha hutoka nje kutazama wingu!

Tungaliweza kukomea hapo, na yangalikuwa mazungumzo mazuri ya kufurahisha. Lakini tunataka tuwakumbushe mwaka 2021.

Mwaka ule ukame ulikuwa umetubana. Tarehe 8 Septemba serikali ilikuwa imeutangaza kuwa janga la taifa. Vuli ile kwa jumla ilikuwa haba, lakini mnaijua mito yetu. Mingi ni mito ya mchanga. Kwa miezi mingi mtu huvuka kwa miguu mikavu, na akina mama huchimba visima mchangani kupata maji ya kunywa. Kisha mvua hunyesha kule juu, na maji hushuka kwa ghafula, hata mahali ambapo halikuanguka tone. Jumamosi tarehe 4 Desemba basi lilikuwa likienda arusini pande za Nuu, ng’ambo ya Mwingi, likiwa na wanakwaya Wakatoliki na jamaa, watoto wakiwamo. Mto Enziu ulikuwa umefurika juu ya kivuko. Basi likaingia majini, likapinduka na kuzama, watu wakitazama kutoka ukingoni. Wengine waliokolewa. Zaidi ya 30 walikufa. Wengi wenu mliona picha zile katika simu, na hatuna haja ya kuzisimulia zaidi.

Wapendwa, siku ile ilikuwa Jumamosi ya juma la kwanza la Majilio. Somo la siku lilikuwa lile la Isaya sura ya 30, la mvua na mbegu.

Tulipolitambua jambo hilo, siku nyingi baadaye, tuliona kama tumepigwa. Wazo letu la kwanza lilikuwa kwamba afadhali wasingalikuwa na somo kama hilo siku kama ile. Ndipo tukafungua tusome vizuri. Isaya haanzi na mvua. Anaanza na watu wanaolia, na Mungu anayesikia sauti ya kilio chao. Anataja mkate wa shida na maji ya mateso. Tena anapofika kwenye vijito vinavyotiririka juu ya kila kilima, katika sentensi ile ile anataja siku ya mauaji makuu na minara inayoanguka. Tulikuwa tumelisoma somo hilo kwa miaka mingi tukiokota mvua tu na kuyaacha mengine.

Halafu ikaja Jumapili, tarehe 5. Zaburi iliyopangwa kwa Jumapili ile ilikuwa ya 126, wimbo wa watu wanaopanda huku wanalia. Ndani yake wanamwomba Mungu awarudishe kama vijito vya kusini, yaani vya Negebu. Mnajua vijito vya Negebu ni nini? Ni mito ya nchi kame, mikavu mwaka mzima, inayojaa kwa ghafula mvua ikinyesha. Ni Enziu. Na Injili ilikuwa Luka sura ya 3, Yohana akitangaza njia itengenezwe na kila bonde lijazwe. Wakatoliki walikuwa na somo jingine pia, la Baruku, kitabu ambacho sisi hatumo nacho katika Biblia zetu. Nalo linasema jambo lilo hilo, kwamba Mungu ameamuru mabonde yasawazishwe ili watu wake wapite salama.

Fikirini padre asimamaye mbele ya watu siku kama ile. Viti vya kwaya vina nafasi. Hawezi kufunua mahali pengine. Orodha ilipangwa miaka mingi kabla yake, na kitabu kimefunguliwa pale: mto, machozi, njia, bonde.

Sisi tungalifanya nini? Tuseme kweli. Tungalitafuta somo lingine. Mwaka mmoja tulizika kijana wa ushirika wetu aliyekufa kwa ajali, tukachagua maneno ya mbinguni tupu, yenye nuru na vinubi. Majuma mawili baadaye mama yake alitujia, akasema kwa heshima kabisa, “Mchungaji, siku ile ulihubiri kama kwamba hakuna aliyekufa.” Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatuna. Tulichagua somo kwa kutuhurumia sisi wenyewe, tusije tukashindwa kusema mbele ya kaburi, na yeye akaenda nyumbani na kilio chake bila mtu wa kukibeba.

Wapo watakaouliza, Je, Mungu ndiye aliyeleta maji yale? Au wale watu walikuwa na kosa gani? Bwana Yesu aliulizwa habari za namna hiyo. Katika Luka sura ya 13 yeye mwenyewe aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Hakueleza zaidi. Hapo alipokataa kueleza, sisi pia hatutaeleza. Yasikieni hayo, ninyi mliozoea kusema matangani kwamba fulani alikuwa hivi na hivi.

Wala hatusemi kwamba tofauti zetu zimekwisha. Tarehe 8 Desemba Wakatoliki huadhimisha fundisho juu ya Mariamu ambalo sisi hatulikubali, kwa kuwa hatulioni katika Maandiko, na jirani yetu anajua hivyo. Lakini Luka sura ya kwanza ni yetu kama ilivyo yao. Na nyumba nyingi za Ukambani zina mke wa kanisa hili na mume wa kanisa lile. Watoto wanaporudi kutoka Nairobi kwa Krismasi, huu huenda kule na huyu huenda huku, na jioni hakuna anayethubutu kuuliza mwenzake alisikia nini. Hilo linatusikitisha kuliko fundisho lolote. Ikiwa somo ni moja, kwa nini lisisomwe mezani, mmoja akilisoma na mwingine akisikiliza?

Neno moja zaidi. Sisi tukiisha kuimba tarehe 25, twafunga Biblia hata mkesha wa mwaka mpya, maana mbuzi amechinjwa na wageni ni wengi. Wao, kesho yake tu, tarehe 26, husoma habari za Stefano kupigwa kwa mawe. Tarehe 28 husoma juu ya watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Mwanzoni tuliona ni ukatili kuweka damu karibu hivyo na hori la mtoto. Sasa hatuoni hivyo. Katika kila kijiji yupo anayeiingia Krismasi akiwa na kiti kitupu nyumbani, na juma lile la nderemo humpita kama kwamba hayupo. Tarehe 28 anatajwa. Mathayo hakuficha kwamba siku zile za kuzaliwa kwa Bwana kulikuwa na akina mama waliokataa kufarijiwa.

Basi, kesho ni tarehe 17, siku ambayo Isaya anaacha nafasi na masomo yanaanza kukaribia Bethlehemu yenyewe. Somo la Injili ni Mathayo sura ya kwanza, mstari wa 1 hadi wa 17: majina matupu. Sisi wahubiri huliruka. Mwaka ule wa 2021 lilisomwa siku 13 baada ya Enziu, katika jimbo lililokuwa limetoka kuyataja majina ya wafu wake mmoja mmoja. Jirani yetu anasema mjukuu wake hujikwaa sana humo, kwa Salathieli na Zerubabeli, naye humwambia arudie.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda shambani, lisomeni. Msomeni Tamari, na Rahabu, na Ruthu, na yule mke wa Uria ambaye Mathayo hakumtaja hata jina. Someni polepole, na mtoto asaidiwe anapokwama. Tarehe 19 tutakuwa hapa tena, pamoja na mzee Zakaria aliyetoka hekaluni hawezi kusema. Kwaherini, na Bwana awalinde usiku huu.