Sabuni Ing'arishayo Uso: Hotuba Juu ya Kuchagua Vitu vya Ngozi

(Maneno ya hotuba kwa watu wa Kondele, Kisumu)



Mtu ashukaye garini pale Kondele, katika njia kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega, hatembei mbali kabla ya kukutana na meza za vitu vya kujipamba. Hapo pana mafuta ya vichupa, sabuni zilizofungwa katika karatasi za kumetameta, poda, wanja na marashi, na vyote vimepangwa vizuri kama vyombo vya arusi. Mwuzaji hukitwaa kichupa kimoja, akakifungua, akampa mteja anuse. “Shika, dada yangu, hii imetoka ng'ambo. Majuma mawili tu, utaona uso unavyong'aa.” Naye mteja, ambaye alikuja kununua chumvi na omena, husimama kidogo akizihesabu fedha zilizo katika pindo la leso yake.

Si kosa mtu kutaka kupendeza. Wazee wa Kijaluo walijipaka samli, na ngozi zao zikalainika. Huko pwani wanawake husaga liwa juu ya jiwe, wakajisinga, wakapaka mafuta ya nazi nyweleni. Kaskazini ya Uganda, Waacholi husifu mafuta yao ya moo yaa, yatokayo katika kokwa za mti wa porini. Hakuna mtu mwenye akili awezaye kuwacheka watu hao. Linalopasa kuulizwa ni jambo jingine: kile kilichomo ndani ya kichupa ni kitu gani, nacho kikiisha kuingia mwilini hufanya kazi gani?

Yafaa kwanza kuieleza ngozi yenyewe. Weusi wa ngozi hutokana na rangi iitwayo melanini, ambayo hutengenezwa na chembe zilizo chini ya ngozi ya juu. Rangi hiyo ni kama mwavuli, maana huyazuia makali ya jua yasichome ndani. Ushahidi uko wazi kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao mwili wao hautengenezi rangi hiyo ya kutosha. Jua la kandokando ya Ziwa huwaunguza, na wengi hupatwa na saratani ya ngozi wasipojikinga kwa kofia, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua. Basi mtu ajitoaye weusi wake kwa dawa anautupa mwavuli aliopewa bure, tena huulipia fedha huo utupaji.

Kitu kimojawapo kilichotumika sana kwa kazi hiyo ni zebaki. Zebaki huizuia ile rangi isitengenezwe, na kwa hiyo mtumiaji huona uso unageuka kuwa mweupe, akasadiki kwamba amenunua kitu chema. Kumbe zebaki haikomei usoni. Hupenya ngozini, ikaingia katika damu, ikafika kwenye mafigo, na hapo ndipo ifanyapo uharibifu mkubwa.

Jambo hili lilionekana katika Kenya zamani. Mwaka 1972 waganga wa Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, walitangaza habari za wagonjwa 60 wa figo, watu wazima, ambao miili yao ilivimba kwa sababu mafigo yalikuwa yakiitoa protini ya damu katika mkojo. Walipoulizwa mambo ya maisha yao, zaidi ya nusu walikuwa watumiaji wa mafuta ya kujichubua yenye zebaki, na wengi wao walikuwa wanawake vijana. Baadhi yao walipata nafuu walipoyaacha mafuta hayo.

Habari ya pili inatoka hapa hapa Kisumu, na haifai kusahauliwa. Palikuwa na bwana mganga wa Kijapani aliyeitwa Masazumi Harada, aliyefariki dunia mwaka 2012. Yeye alitumia karibu maisha yake yote kuwaangalia wagonjwa wa Minamata, mji wa Japani ambako mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu ulitambuliwa miongoni mwa wavuvi. Kiwanda kilikuwa kikimwaga maji yenye zebaki baharini, samaki wakaimeza, na watu walipowala samaki hao wakaharibika bongo na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo bwana huyo na wenzake walipofika katika nchi za Ziwa Victoria, ambako wachimba dhahabu hutumia zebaki, walipima nywele za watu ili wajue zebaki imefika wapi.

Baadhi ya watu wa Kisumu walionekana kuwa na zebaki nyingi mno nyweleni. Lakini chanzo hakikuwa samaki wa Ziwa. Chanzo kilikuwa sabuni ya kujichubua, iliyotengenezwa Ulaya. Ilipopimwa, zebaki yake ilikuwa kati ya 0.47 na 1.7 katika kila sehemu 100. Miongoni mwa watumiaji walikuwamo wenye kutetemeka, wenye kizunguzungu na wenye kuchoka ovyo. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2001. Ni ajabu kufikiri kwamba mvuvi aliyevuka mawimbi usiku kucha alileta samaki salama nyumbani, na sumu ikawa imekaa kimya katika kisahani cha sabuni.

Ili msikilizaji apate kukipima kiasi hicho, na atazame Mapatano ya Minamata, yaliyoafikiwa na mataifa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Hapo mwanzo kipimo kilichowekwa kwa vitu vya kujipamba kilikuwa sehemu moja ya zebaki katika sehemu milioni. Sabuni yenye zebaki moja katika kila mia imekipita kipimo hicho mara elfu kumi. Baadaye, mwaka 2023, mataifa yakakubaliana kwamba hata kipimo hicho kiondolewe, wala isitiwe zebaki yo yote katika vitu hivyo baada ya mwaka 2025.

Tena liko jambo ambalo yapasa kusemwa bila kuficha. Nchi za Ulaya zilikuwa zimekwisha kukataza sabuni ya zebaki isiuzwe kwa watu wao, lakini kwa miaka kadhaa viwanda viliendelea kuitengeneza kwa ajili ya kupelekwa nje, mpaka sheria ya mwaka 2003 ilipoukomesha upelekaji huo. Kisichofaa kuoshea uso wa mtu wa Ulaya kilidhaniwa kufaa kwa uso wa mtu wa Afrika. Kwa hiyo mwanamke wa Kondele aliyeinunua sabuni hiyo hastahili lawama kubwa. Aliamini kwamba kitu cha ng'ambo kimekwisha kuchunguzwa na wenye elimu. Kilikuwa kimechunguzwa kweli, na kukataliwa.

Katika Kenya, Shirika la Viwango lilitangaza mwaka 1998 kuyakataza mafuta na sabuni zenye zebaki, haidrokwinoni na dawa za jamii ya steroidi. Hata hivyo vitu hivyo huvuka mipaka kwa magendo, na vingine huchanganywa vyumbani, ndivyo viitwavyo mkorogo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kumgeukia mwenyewe: mashavu yaliyotakiwa kuwa meupe huingia mabaka ya weusi wa kibuluu, magumu kuondoka. Waganga wa Afrika ya Kusini waliyaeleza mabaka hayo mwaka 1975. Steroidi nazo ni dawa halali mkononi mwa mganga, lakini zikipakwa kila siku kama mafuta ya kawaida huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, michirizi ikatokea, na kidonda kikachelewa kupona. Majina kama klobetasoli na betamethasoni yakionekana juu ya bomba la mafuta, hiyo ni dawa, wala si pambo.

Mnunuzi afanyeje, basi, asimamapo mbele ya meza? Na ageuze kichupa, asiusome upande wenye picha ya bibi mzuri, bali ule wenye maandishi madogo. Kisichoandikwa vitu vilivyomo, wala mahali kilipotengenezwa, kiachwe pale pale. Neno lianzalo kwa herufi m-e-r-c-u-r ni zebaki, na neno “calomel” pia ni zebaki. Wauzaji wengine hulificha jina lakini husahau onyo: karatasi ikimwambia mtumiaji asiguse fedha, dhahabu wala aluminiamu anapotumia sabuni hiyo, zebaki huenda imo, maana ni desturi yake kuziharibu madini hizo. Alama ya Shirika la Viwango nayo itafutwe, ingawa alama huigwa. Na ahadi ya kugeuza rangi kwa majuma mawili ni dalili mbaya kuliko zote, hata kama karatasi haikuandikwa neno.

Wako watakaouliza, kwani kitu kizuri ni kipi? Jibu lake halina gharama kubwa, na pengine ndiyo sababu halipendwi. Sabuni isiyo kali, na mafuta yapakwayo ngozi ingali na unyevu wa maji ya kuoga, yanatosha watu walio wengi. Mafuta mazito ya Vaseline, ambayo Robert Chesebrough alipata hati yake Marekani mwaka 1872, hayalishi ngozi kitu cho chote. Kazi yake ni kuyafungia maji ya ngozi yasitoke. Hata Arimis, yaliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, yamehamia katika nyumba nyingi za Kenya, na watoto huenda shule miguu ikimetameta. Mafuta ya nazi na moo yaa hufaa vilevile. Marashi makali ndiyo huwasha ngozi za wengi, kwa hiyo kitu kipya na kipakwe kwanza kidogo ndani ya kiwiko, mtu angoje siku mbili aone. Maji ya ndimu yasipakwe usoni kisha mtu akatoka juani, kwani huweza kuunguza kama moto.

Zaidi ya hayo, zebaki haimdhuru mtumiaji peke yake. Hubaki katika taulo, katika shuka na katika mikono ya mama ambayo humshika mtoto na kukanda unga. Mama mwenye mimba humfikishia mtoto aliye tumboni. Baba asiyegusa mafuta hayo kamwe huweza kuyapata kwa kuishi nyumba moja tu.

Mtu ambaye amekwisha kutumia sabuni au mafuta ya namna hii, na aache mara moja, hata kama rangi yake ya zamani itarudi kwa mabaka mwanzoni. Akiona uso au miguu imevimba asubuhi, mkojo una povu lisilokwisha, au mikono inatetemeka anapomimina chai, asingoje. Hospitali kubwa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji huiita Russia, iko karibu na Kondele. Na aichukue ile sabuni yenyewe pamoja na karatasi yake, asiitupe shimoni wala ziwani, aifunge vizuri katika mfuko, akamwonyeshe mganga, aseme bila haya alianza lini na alipaka mara ngapi kwa siku. Mganga ataupima mkojo kabla ya kusema neno jingine.