Fidia ya Ajali Barabarani: Mahakama Huhesabu Nini?



Lori likigonga bodaboda kati ya Maungu na Manyani, jamaa hukimbilia hospitali, na ndivyo ipasavyo. Lakini ni siku hizo hizo za kwanza ambapo kesi huokolewa au hupotea.

Kuumia peke yake hakumpi mtu fidia; lazima uzembe uthibitishwe kwa mashahidi na abstrakti ya polisi. Mdai naye hupimwa. Abiria wa bodaboda asiyevaa helmeti aweza kubebeshwa sehemu ya lawama. Tuseme ni asilimia 20: fidia ya shilingi 800,000 hushuka hadi 640,000.

Gharama za matibabu hudaiwa kwa risiti. Hata ya dawa ya shilingi mia mbili, itunzwe. Maumivu hayana risiti, kwa hiyo hakimu husoma ripoti ya daktari na kulinganisha na kesi zilizotangulia za majeraha kama hayo.

Kwenye kipato ndipo wengi hukata tamaa. Muuza ndizi wa Taveta au fundi wa Mwatate atatoa wapi hati ya mshahara? Mwaka 2005, katika kesi ya seremala aliyefariki, Mahakama ya Rufani ilisema stakabadhi si njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato, kwani Wakenya wengi hujipatia riziki bila kuweka rekodi. Ushahidi wa mke, jirani au mteja una uzito.

Kwa marehemu, hesabu huweza kwenda hivi: shilingi 15,000 kwa mwezi, mara 12, mara miaka 10 ambayo mahakama inaona angeendelea kufanya kazi, kisha theluthi mbili zilizokuwa zikitunza familia. Jumla ni shilingi 1,200,000.

Bima ya lazima hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja; kinachozidi hudaiwa mwenye gari. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 3, na ikiwa gari ni la Serikali, miezi 12 tu.

Tahadhari moja kwa walio wodini: anayeleta karatasi ya malipo ya mwisho kabla daktari hajasema mguu utapona au la, asubiri. Sahihi ikishawekwa, kudai zaidi ni vigumu mno.