Jua na Upepo: Neema na Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeliweka jua likaangaza na akazituma pepo zikatumikia waja Wake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria hapa Busunzu, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani kwenu, nakuusieni na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tutazungumza juu ya neema mbili ambazo haziuzwi dukani kwa kibaba wala kwa lita: jua na upepo.

Mwenyezi Mungu ametukumbusha neema ya jua katika Sura Yunus, na neema ya pepo katika Sura Ar-Rum, ambamo ametufahamisha kuwa kwa pepo hizo vyombo hwenda baharini, watu wakatafuta fadhila Yake, ili wapate kushukuru. Majahazi ya pwani yetu yalikuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Na mwanahistoria al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, ameandika habari za nchi ya Sistan, ambako Waislamu walisaga nafaka kwa vinu vilivyozungushwa na upepo. Basi asiseme mtu kwamba kuutumikisha upepo ni jambo la kigeni kwetu.

Ndugu zangu, mnaijua hali ya mkoa wetu wa Kigoma. Kwa miaka mingi umeme wa miji yetu ulitoka katika majenereta ya dizeli, na gridi ya taifa ilitufikia kutoka Nyakanazi mwaka 2022 tu. Lakini nguzo kupita barabarani si umeme kuingia katika kila nyumba. Zipo nyumba huko milimani ambazo mtoto husoma kwa kibatari, moshi ukamwingia kifuani. Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha kuzima taa tunapolala, kwa kuhofia panya asiburute utambi akaiunguza nyumba. Huruma hiyo ya Mtume itufunze kwamba taa ya nyumbani ni jambo la dini pia, kwani ndani yake mna kuhifadhi nafsi na mali.

Yako mazingatio makubwa katika mkoa huu huu. Katika mkataba wa msaada baina ya Tanzania na Marekani uliotiwa saini mwaka 2008, ilikusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa maji katika maporomoko ya Igamba, kwenye mto Malagarasi. Wataalamu walipochunguza, wakakuta humo viumbe adimu ambavyo mtambo ungeviangamiza. Shauri hilo likaachwa, na sehemu ya fedha ikaelekezwa kwenye sola, kwa ajili ya shule za sekondari, vituo vya afya, zahanati na masoko ya vijiji visivyokuwa na umeme. Viumbe wa mtoni wakasalimika, na mama mjamzito akapata kuzalishwa penye mwanga.

Lakini kupewa ni jambo moja, na kutunza ni jambo jingine. Wala sitawasema wengine nikajiacha mwenyewe. Miaka iliyopita, nilipokuwa nikisomesha katika madrasa moja, tulipewa wakfu wa paneli mbili za sola na betri, ili watoto wasome Qur'ani baada ya Magharibi. Wakaja watu wakaniambia, "Maalim, tuunganishe na runinga, vijana watazame mpira, walipe kidogo, madrasa ipate mapato." Nikaona ni maslahi, nikaridhia. Kila usiku betri ikanyonywa mpaka mwisho. Fedha ziliingia, lakini hapakuwa na daftari, wala haikuwekwa hata senti moja ya akiba. Haukutimia mwaka wa pili, betri ikafa. Runinga ikazimika, na taa za watoto zikazimika pamoja nayo. Mtoto mmoja wa kike akaniuliza, "Maalim, kesho tuje na vibatari?" Sikuwa na la kumjibu. Paneli zilikuwa nzima juu ya paa, na jua lilichomoza kama siku zote. Aliyeharibu ni mimi, niliyeligeuza sharti la mweka wakfu, hali nimesoma kwa mashekhe zangu kwamba sharti hilo hufuatwa kama inavyofuatwa nassi.

Enyi wazazi na wanafunzi, fanyeni hesabu nami. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 25. Runinga ya wati 60 kwa saa hizo hizo hutumia wati-saa 300. Kwa hiyo usiku mmoja wa runinga ni sawa na usiku kumi na mbili wa taa ya kusomea. Mwenye betri ndogo na achague. Betri za risasi zilizo nyingi majumbani mwetu huharibika upesi zikizoeshwa kumalizwa nguvu. Basi zisishushwe chini ya nusu. Zile zinazofunguliwa zitazamwe maji yake. Paneli zifutwe vumbi, hasa kiangazi, wakati majivu ya moto wa porini yanapotua juu ya mapaa. Na kila mwezi itengwe sehemu ya fedha ambazo zingalinunua mafuta ya taa, ziwe akiba ya betri nyingine.

Wala msifahamu kwamba nakataza burudani. Siku ya Idi Mtume (S.A.W.) aliwaacha Wahabeshi wakacheza kwa mikuki yao msikitini, na Bibi Aisha akawatazama. Vijana wa Busunzu wana haki ya uwanja na ya mahali pa kukaa jioni penye mwanga wa stara. Bali mahali pa burudani pajitegemee kwa paneli na betri zake, pasile haki ya madrasa wala ya zahanati.

Jambo hili lawezekana. Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, penye mnara wa taa wa mwaka 1904 na msikiti wa zamani, vimejengwa vibanda vya wageni wanaokuja kupumzika. Taa zao ni za sola, maji yao hupashwa moto na jua, nayo ni maji ya mvua. Mwezi Mei mwaka 2008 waya wa chini ya bahari unaoleta umeme Unguja uliharibika, na kisiwa kikakaa kiasi cha mwezi mmoja gizani. Wenye majenereta walinunua mafuta kila siku. Jua halikumdai mtu kitu.

Ama upepo, uendewe kwa elimu. Kasi yake ikipungua nusu, nguvu inayobaki ni sehemu moja katika nane. Kwa hiyo asinunue mtu kinu kwa kuwa tu kilima chake kina baridi na miti inayumba. Upepo na upimwe kwanza, mwaka mzima. Huko Mufindi, vinu vitatu vya Mwenga vilianza kutoa umeme mwaka 2020, megawati 2.4 kwa jumla. Hapa kwetu, nyumba na ianze na jua.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Mwenye taa asimfungie mlango mtoto wa jirani anayetaka kusoma. Na mwenye kuweka wakfu wa taa, akaweka pamoja nao mwangalizi na daftari, hiyo ni sadaka yenye kuendelea, thawabu zake humfikia kaburini.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kushukuru neema Zako, na utusamehe amana tulizozipoteza. Utupe mwanga majumbani mwetu, na mwanga makaburini mwetu. Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Amin.